Aliyepima Mvua na Kukata Miti Yake

Mtu aliyenifundisha habari za joto la dunia alikuwa anaogopa radi. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nataka kumfanya malaika. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Nyololo, tulimwita Mpima Mvua, na mvua hiyo hiyo aliyoipima ikija na ngurumo, yeye alikuwa uvunguni mwa kitanda. Mkewe alikuwa akisimama mlangoni na kututangazia majirani kwamba mzee wenu yuko kazini, mkitaka kumwona inameni. Mvua ikikatika, mzee alitoka, akajikung'uta magoti, akaenda kuchungulia kopo lake bila kumtazama mtu usoni.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sitasema. Nilipoolewa kijijini pale, miaka ya hamsini ikianza, nilimkuta tayari ana mvi kichwani na kitabu kwapani, na hivyo ndivyo ninavyotaka kumkumbuka. Sasa mimi mwenyewe ni kikongwe, nimebakiwa na meno manne na ulimi mzima. Kila nikifungua redio nasikia wasomi wakieleza mabadiliko ya tabianchi kwa maneno mazito, mpaka mtu unasinzia na dunia yako inaungua. Yule mzee angewaeleza watu jambo hilo hilo kwa nusu saa, tena amesimama.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ofisi moja ya serikali kule Mbeya ilimpa vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa kopo la shaba lenye mdomo mpana, limechimbiwa nusu ardhini mahali peupe mbele ya nyumba yake. Cha pili kilikuwa kisanduku cheupe kilichosimama juu ya miguu minne, pande zake zimetobolewa kama madirisha ya mbao ili upepo upite, na ndani yake mna vipimajoto. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda pale, akapima mvua ya tangu jana, akasoma joto la juu na la chini, akaandika kitabuni. Mwisho wa mwezi alinakili yote kwenye kadi, akatembea nayo hadi Nyololo, akamkabidhi dereva wa basi la barua lililokuwa likienda Mbeya. Hakuna siku aliyoruka. Alipougua homa ya mapafu alibebwa na mkewe na mimi, tukamshika huku na huku, akasoma, akarudishwa kitandani.

Saa tatu hiyo ilimgombanisha na mwinjilisti wetu, maana Jumapili saa tatu ndipo mahubiri yalipokuwa yanakolea. Mzee alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na muda ukifika aliinuka na kutoka, viatu vyake vikilia kwa-kwa-kwa kanisa zima. Siku moja mwinjilisti akamsimamisha mbele ya watu, akamuuliza kama kopo ni kubwa kuliko Neno. Mzee akajibu kwa upole kwamba mvua inatoka kwa huyo huyo mwenye Neno, naye anakwenda kuangalia ametuma kiasi gani. Akatoka. Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena, ila vile viatu mkewe alivifunga vitambaa.

Ninyi ambao hamjafika nyanda zetu za juu hamjui ulanzi, basi niwaeleze kidogo. Watu wetu hukata ncha ya mwanzi mchanga, wakafunga chini yake kikopo cha mwanzi kiitwacho mbeta, maji matamu yakadondoka humo tone kwa tone, yakachachuka, yakawa pombe. Kwa hiyo kopo la mzee watu waliliita mbeta ya mbinguni. Kwenye harusi moja, mgeni kutoka Chimala, kule kwenye mpunga ambako mianzi hii haiko, aliaminishwa na vijana kwamba ulanzi wa wazee hutegwa mle kwenye shaba. Asubuhi mgeni wa watu akaamka na kiu, akaenda kuinywa mvua yote ya tangu jana. Alisema ulanzi wenu mzuri ila haujachachuka.

Kijiji kizima kilicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alifungua kitabu, na mahali pa kuandika kipimo akaandika: Imenywewa na mgeni. Mwinjilisti, aliyekuwa pale, akamshauri aandike nusu inchi, kwa sababu kila mtu alisikia ilivyonyesha na nusu inchi haiwezi kuwa mbali na kweli. Mzee akakataa katakata. Alisema hakuiona, na asichokiona hakiandiki, hata kikimjia kwa kukisia. Nafasi ya siku ile ikabaki wazi kwenye kadi ya mwezi iliyokwenda Mbeya. Nilimwona mjinga siku ile. Nilikuwa bado kijana, na nilidhani mtu mwenye akili ni yule anayejua kujaza mapengo.

Mimi nilikuwa na ukaribu naye kwa sababu nilisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na kijijini wanawake waliojua kugawanya hesabu ndefu tulikuwa wawili tu. Kila mwisho wa mwezi aliniita nimkagulie jumla zake. Nilikwenda na mwanangu Neema mgongoni, nikakaa kwenye kigoda, nikakagua. Malipo yangu yalikuwa maelezo. Yule mzee hakuwa msemaji. Salamu zetu ndefu za "kamwene" na habari za nyumba na ng'ombe na kuku zilimchosha, akazikatiza katikati. Lakini ukimuuliza jambo la anga, ulimi ulifunguka.

Nilimuuliza siku moja kwa nini mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi nyingine tunaamka tunakuta umande umeganda, maharage yameungua meusi, na asubuhi nyingine, ya mwezi huo huo, hayana kitu. Akaniuliza kama jana jioni nilipofunga mlango niliziona nyota. Nikasema niliziona zote. Na juzi, maharage yalipopona? Juzi kulikuwa na mawingu. Akasema basi umeshajijibu. Akanieleza kwamba ardhi hushiba jua mchana, na jua likizama huanza kuutoa ule moto na kuurudisha juu. Mbingu ikiwa wazi, moto unakwenda zake, nasi tunaganda. Kukiwa na mawingu, moto unazuiliwa, unarudi kwetu. Akanionyesha kwenye kitabu: siku alizoandika mawingu, kipimajoto hakikushuka sana, siku alizoandika anga jeupe, kilishuka mpaka chini. Alisema dunia inajifunika blanketi, na bila blanketi hata kidogo tungekufa sote kwa baridi.

Hilo tu. Miaka mingi baadaye, redio ilipoanza kuimba habari za hewa ya ukaa, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Makaa ya mawe yanachomwa, petroli inachomwa, misitu inachomwa, na moshi wake una hewa isiyoonekana inayobaki juu miaka na miaka, nayo inazuia ule moto wa ardhi usiende zake. Yaani tumeongeza blanketi juu ya blanketi, na mtoto aliye chini yake anatoka jasho. Lile la kwanza lilikuwa jema na lilituweka hai. Tatizo ni haya tunayozidisha sisi wenyewe, tena hatujui kuyavua upesi.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutokuwa na haraka ya kuamini siku moja. Watu walimjia wakisema mzee, mwaka huu baridi imezidi, au mzee, jua hili halijawahi kutokea. Yeye alifungua kitabu na mara nyingi aliwaonyesha limewahi kutokea, tena zaidi. Aliwaambia siku moja haina habari, mwaka mmoja una uvumi, na habari yenyewe ipo kwenye miaka mingi iliyowekwa pamoja. Hata leo mjukuu wangu akiniambia mbona wiki hii kuna baridi, joto la dunia liko wapi, namjibu kwa maneno hayo hayo, ananinunia.

Sasa msifikiri alikuwa wa kunyooka kila mahali. Mtu aliyeweza kukuambia tone la mvua la mwaka juzi hakuweza kukuambia vikombe vya ulanzi alivyokunywa jana; siku zote vilikuwa kimoja. Mkewe alisema kimoja hicho kina watoto. Na kwa kilimo alikuwa hafai kabisa. Alijua mvua itaanza lini kuliko sisi sote, na mahindi yake yalikuwa ya aibu, kwa sababu wakati wa palizi alikuwa amesimama kwenye kisanduku akishangaa upepo. Sisi majirani zake ndio tuliomlisha, na tulimtania hivyo mbele yake, naye alikula.

Kilichompendeza hasa kilikuwa miti. Hapa ndipo yalipo maneno yangu ya leo.

Kijiji chetu kinaishi kwa vinyungu. Hayo ni mashamba madogo ya bondeni, tunayoyalima kiangazi wakati mlimani kumekauka. Unainua matuta, unaacha mifereji katikati, maji ya chemchemi yanapita taratibu, na kwa hayo unapata mahindi mabichi, maharage na mboga miezi ambayo wengine wanakaza mikanda. Bonde letu lilikuwa na chemchemi moja juu kabisa. Kinyungu changu kilikuwa cha katikati. Cha mwisho kabisa, kule bonde linapokutana na mawe, kilikuwa cha Mama Yeremia, mjane mwenye watoto watano, mwanamke mkavu asiyependa mizaha.

Kuizunguka ile chemchemi kulikuwa na miti ya asili, mivengi mikubwa yenye kivuli kizito, na mwiko wa wazee ulikataza kabisa kutia shoka pale. Aliyekata mti wa chemchemi alikuwa amewafungia watu mvua. Mwiko huo ulikuwa na maana na mzee aliuheshimu. Lakini aliuheshimu kupita kiasi. Akili yake ilimwambia kwamba kama miti kumi inatunza maji, basi miti mia itayatunza zaidi. Na wakati ule kila aliyekuja kutoka ofisini alihubiri kupanda miti, mikaratusi hasa, kwa sababu inakua upesi na inanyooka. Mzee akatafuta miche, akaiotesha kwenye makopo, na kabla sijaolewa pale alikuwa ameshaipanda yote kuizunguka chemchemi, katikati ya mivengi. Hakuna mzee aliyempinga. Mwiko ulikataza kukata, kupanda haukukutaja.

Nilipofika ilikuwa kimo cha mtu. Tulipita pale kuteka maji tukaisifia. Wenye vinyungu vya juu na vya katikati tuliomba miche na sisi, mume wangu akaongeza safu mbili. Mama Yeremia peke yake hakupanda, si kwa sababu alijua kitu, ila alisema hana muda wa kupanda kitu kisicholiwa.

Mikaratusi ikakua kweli. Na mwaka hata mwaka, maji ya kiangazi yakawa yanafupika. Kwanza hatukulisema. Halafu kiangazi kimoja mfereji wa Mama Yeremia ukakauka mwezi wa Agosti, na cha mwaka uliofuata ukakauka Julai, na vinyungu vitatu vya jirani yake navyo vikafuata. Nilimwona akibeba maji kwa debe kichwani kutoka kwetu hadi kwake, kunywesha maharage shina kwa shina, akiwa na mtoto wa mwisho anayemfuata nyuma analia. Jambo hilo halijanitoka.

Kijiji kikatafuta mchawi, na mchawi hakuwa mbali. Ni nani anayeitega mvua kwenye shaba kila siku? Na kadi zinakwenda wapi? Mbeya. Na Mbeya mvua ikoje? Mbeya inanyesha mpaka watu wanachoka! Basi ikawa wazi kabisa: mzee anaiba mvua yetu anaipeleka Mbeya kwa basi la barua. Nacheka sasa, lakini wakati ule mtu alikitupia mawe kisanduku chake na kipimajoto kimoja kikavunjika. Mkewe akaacha kwenda kuteka maji peke yake.

Yeye hakujitetea. Alianza kupima kitu kingine. Kila Jumamosi alipanda kwenye chemchemi na debe, akalikinga pale maji yanapotokea, akahesabu kwa sauti mpaka lijae, akaandika. Alifanya hivyo viangazi viwili. Watu walimwona wakazidi kuamini.

Mwisho wa kiangazi cha pili aliniita nikague hesabu. Nilidhani ni zile za kila mwezi. Alinipa kitabu chote, miaka yote, akaniambia nijumlishe mvua ya kila mwaka bila yeye kunisaidia, halafu nimwambie ninachoona. Nilikaa tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Nikaona kwamba mvua ilipanda na kushuka mwaka huu na mwaka ule, lakini haikuwa imepungua. Ile miaka ambayo Mama Yeremia alikaukiwa ilikuwa miaka ya kawaida kabisa, mmoja hata ulikuwa mzuri. Nikamwambia. Akaniuliza kama nina hakika sijakosea. Nikasema nimerudia mara mbili.

Akasema, "Basi maji yananyweka kabla hayajatufikia. Na mnywaji nimempanda mimi."

Alikuwa amechimba kando ya mikaratusi akaifuata mizizi yake, akaikuta imeingia kwenye jicho lenyewe la chemchemi. Mti ule hauna kosa. Ukiupanda mlimani pakavu unakupa nguzo na kuni, lakini ukiupanda kwenye maji unakunywa usiku na mchana. Aliponieleza hivyo nilimhurumia, nikafanya nilichoona ni wema. Nilimwambia, "Baba, usiseme. Watu wanajua ni ukame. Waache na ukame wao."

"Ukame ningeuandika humu, Mama Neema. Haumo."

Nilimkumbusha kwamba tayari wanamwita mwizi wa mvua, na kwamba akisema mwenyewe wanaweza kumchomea nyumba. Nilimkumbusha na jambo kubwa zaidi: dawa ya mikaratusi ile ni shoka, na shoka kwenye chemchemi ni mwiko. Mtu anayeshukiwa kufunga mvua aende kukata miti ya chemchemi mchana kweupe? Nilimwambia atakuwa amejipeleka mwenyewe. Akakubali kwamba ni kweli, akafunga kitabu, akaenda kwa jumbe wa kijiji kuomba baraza.

Baraza lilijaa. Nilikaa na wanawake. Mzee alisimama na kitabu chake, akasoma mvua ya miaka yote, mwaka kwa mwaka, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Kisha akasoma debe la Jumamosi, lilivyochelewa kujaa. Kisha akasema, "Mvua haikupungua. Maji yamenywewa na miti yangu. Nilikosea, na aliyeumia ni mtu ambaye hakupanda hata mmoja."

Kila mtu aligeuka kumtazama Mama Yeremia, naye alitazama chini.

Jumbe akauliza habari ya mwiko. Wazee walikuwa wameshakunja nyuso, na mmoja alisema wazi kwamba shoka likigusa pale atakayelishika asirudi nyumbani. Mzee hakubishana na mwiko. Alisema mwiko uliilinda mivengi na ulikuwa na haki, ila hao waliouweka hawakuujua mkaratusi, hivyo yeye alipita penye upenyo. Shoka lake halitagusa mvengi hata mmoja. Litagusa alichokipanda kwa mkono wake, na kama kuna laana impate yeye aliyepanda na yeye anayekata. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Yeremia, akasema kwamba atambebea shoka.

Hivyo wakaenda, na wengine wetu tukafuata mbali kidogo kuona kama mtu ataanguka. Hakuanguka mtu. Ilimchukua majuma, mzee yule, na mwishoni watu walikuwa wakisaidiana naye, mume wangu pia. Ile miti ilikuwa nguzo za nyumba aliyopanga kujenga uzeeni, na nguzo zote za kwanza alimpa Mama Yeremia. Nyumba yake hakuijenga. Nilimwona siku moja ameweka kiganja kwenye shina kabla ya kulipiga, na machozi yanamtoka, kwa sababu aliipenda ile miti kweli. Mtu akinieleza leo kwamba ameokoa hali ya hewa kwa kupanda miti, namuuliza amepanda mti gani na wapi, na nani anakunywa chini yake. Na namuuliza pia kama huko anakochoma ameacha kuchoma. Wengi hawapendi mazungumzo yangu.

Kiangazi kilichofuata maji yaliongezeka. Mzee hakukaa sana kuyafurahia. Macho yake yaliingia ukungu, mkewe akafariki, na binti yake aliyeolewa Mbeya akaja kumchukua. Ofisi ikachukua kopo na kisanduku, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kuvitunza. Nami sikujitokeza, nilikuwa na watoto watatu na visingizio vinne.

Nilimwona tena miaka ya hamsini ikiishia, uhuru bado haujaja. Dada yangu alikuwa amejifungua Mbeya nikaenda kumhudumia, na siku ya kurudi, kabla ya basi, nikamtafuta mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, karibu na soko, amekaa juani, macho meupe. Alinitambua kwa sauti. Nikamwambia shikamoo, akaipokea, na bila hata kuuliza habari za watoto akauliza chemchemi ikoje.

Nikamwambia maji yamerudi, baba, yanafika mpaka kwa Mama Yeremia kama zamani.

Aliitikia kwa kichwa polepole, akasema asante. Akanishika mkono. Nikaaga, nikaenda kituoni, basi likawa linapakia, watu wanapandisha mizigo juu. Nikaweka mguu kwenye ngazi, nikashindwa kuweka wa pili. Kondakta akaniuliza mama unapanda au hupandi. Nikateremka, basi likaondoka na kikapu changu.

Nilirudi nikasimama mbele yake. Nikamwambia, "Baba, nimesema uongo. Maji yanaishia kwangu. Mama Yeremia bado anabeba kwa debe."

"Nilijua," akasema. "Ulijibu kabla sijamaliza kuuliza. Kwa nini yanaishia kwako?"

Hapo ndipo penye aibu. Mkaratusi ukiukata haufi. Kisiki kinachipua, tena machipukizi mengi kuliko mti wa kwanza, na usipoking'oa au kukivunja machipukizi kila mara, baada ya miaka michache una msitu upya. Yeye alipokuwepo alivivunja kila Jumamosi. Alipoondoka, sisi tulio juu ya Mama Yeremia tuliviacha. Yale machipukizi yalikuwa fito nzuri mno, nyembamba, zimenyooka, na mume wangu alikuwa akijenga jiko na zizi. Na maji, kwetu, yalikuwa yanatosha. Kila nilipopita pale nilijiambia tutaving'oa fito zikikomaa. Nilimweleza yote hayo, sikubakiza.

Mzee akasema, bila hasira yoyote, "Mimi nilikosea sijui. Wewe unajua."

Binti yake alinipa chai na mahali pa kulala, nikapanda basi la kesho yake. Hatukuonana tena.

Niliposhuka Nyololo nilitembea njia nzima bila kupumzika, na kijijini sikupitia nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mume, na kulikuwa na fito zake zimeegemezwa ukutani. Nilishuka moja kwa moja mpaka mwisho wa bonde. Mama Yeremia alikuwa anamwagia maharage, shina kwa shina. Nikamwambia kwa nini maji hayamfikii, na ni nani waliojua, na kwamba mimi ni mmoja wao. Nikamwomba aniazime jembe.

Alinitazama sana. Kisha akaweka debe chini, akaingia ndani, akatoka na majembe mawili.